Sindano za kijivu ndani ya kwatzi: je, ni aikinaiti?

"Nina jiwe la kwatzi nyeupe lenye ukubwa wa ngumi, lililookotwa kwenye kifusi cha mgodi wa zamani wa dhahabu. Ndani yake kuna sindano nyembamba za kijivu kilichokolea, baadhi zina urefu wa sentimita 2 au 3, na nyingine zimekatika vipande vipande zikiwa humo humo ndani ya jiwe. Zile zilizo karibu na uso wa jiwe zimeingia wekundu wa shaba, na pembeni yake kuna unga wa njano unaoelekea ukijani. Mtu mmoja aliniambia ni antimoni, mwingine akasema ni fedha. Wa tatu alilipima kwa kifaa cha mkononi, akaona bismuti, risasi na shaba, akasema basi ni aikinaiti, tena ni adimu. Nitahakikishaje nyumbani bila kuliharibu? Lina sumu au mionzi? Ni dalili ya dhahabu? Nilikuwa nafikiria kuliloweka kwenye asidi ili sindano zitoke zikiwa safi."

Nianze na hilo la mwisho, maana ukishalifanya halirekebishiki: jiwe lisiingie kwenye asidi ya aina yoyote. Siki, asidi ya betri na nyingine za kawaida haziyeyushi kwatzi hata kidogo, kwa hiyo sindano hazitatoka. Kitakachoharibika ni ule unga wa njano na kijani, ambao kwa jiwe lako ni ushahidi, si uchafu, na maji utakayobaki nayo yatakuwa na risasi na shaba. Asidi inayokula kwatzi ni ya hidrofloriki. Hiyo hupenya ngozi, hushambulia kalsiamu mwilini, na imeshaua watu walioungua sehemu ndogo tu ya mwili. Isikaribie nyumba ya mtu.

Sasa swali lenyewe. Kwa maelezo uliyotoa, fedha tunaweza kuiweka kando, na antimoni haielekei. Sindano zako zina kila dalili ya kuwa salfaidi (madini ya metali iliyoungana na salfa) yenye bismuti, na aikinaiti ni mmoja wa watuhumiwa wakuu. Lakini aliyekupa jina hilo kwa kutazama tu kwamba elementi tatu zimeonekana kwenye kioo cha kifaa ameruka hatua. Bismuti, risasi na shaba zikiwa pamoja zinakufikisha kwenye ukoo. Jina la mtu ndani ya ukoo huo linatokana na uwiano wa hizo tatu, na uwiano huo haupimwi kwa jicho wala kwa kifaa kilichoelekezwa juu ya jiwe zima.

Aikinaiti ni salfaidi ambayo kila fungu lake lina atomi moja ya risasi, moja ya shaba, moja ya bismuti na tatu za salfa: PbCuBiS₃. Kwa uzito ni takriban asilimia 36 risasi, 36 bismuti, 11 shaba na karibu 17 salfa. Ni laini, kati ya 2 na 2.5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, na nzito: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 7.1 hivi, wakati kwatzi ina 2.65. Sampuli zilizotumika kulielezea zilitoka Berezovsk, karibu na Yekaterinburg katika milima ya Ural huko Urusi, kwenye machimbo ya dhahabu ambayo mshipa wake wa kwanza uligunduliwa mwaka 1745. Wachimbaji na wasomi wa Kijerumani walikuwa wakiliita tu mbale ya sindano, kwa umbo lake, hadi mwaka 1843 E. J. Chapman alipolipa jina la Arthur Aikin, mkemia na mwanajiolojia Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Geological Society ya London. Sampuli za Berezovsk zinafanana sana na unachokieleza: kwatzi nyeupe, sindano za kijivu zilizokatika na kuungwa tena na kwatzi, na ukoga wa njano na kijani kuzizunguka.

Ukitaka kuelewa kwa nini jina ni gumu kulipata, tazama jinsi sindano hizi zilivyojengwa. Msingi wa ukoo mzima ni bismutinaiti, Bi₂S₃, yaani bismuti na salfa peke yake. Atomi ya bismuti ina jozi moja ya elektroni za nje ambazo hazishiriki kwenye muungano, nazo huchukua nafasi upande mmoja wa atomi. Kwa hiyo bismuti hushikana kwa nguvu na salfa za upande mmoja na kwa ulegevu na zile za upande wa pili. Matokeo yake ni utepe mwembamba wa atomi unaorefuka kuelekea upande mmoja tu, na tepe hizo hupangana sambamba zikiwa zimeshikana kwa vifungo dhaifu. Ndiyo maana fuwele hukua kama sindano, ina mistari inayoenda urefu wake, na ni laini.

Katikati ya tepe hizo kuna nafasi tupu, kama viti visivyo na mtu kwenye basi. Risasi ina ukubwa unaokaribiana na bismuti, hivyo inaweza kuchukua nafasi yake. Lakini bismuti ina chaji ya +3 na risasi ina +2 tu, kwa hiyo kila badiliko linaacha upungufu wa chaji moja. Upungufu huo unafidiwa na shaba ya +1, inayoingia kwenye nafasi tupu iliyo jirani. Kila risasi moja inayoingia inakuja na shaba moja. Badilisha nusu ya bismuti yote kwa njia hii na umefika kwenye aikinaiti.

Kati ya miisho hiyo miwili hakuna mteremko laini. Kwenye joto kubwa, kuanzia karibu nyuzi 300 za Selsiasi kwenda juu, majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba mchanganyiko wa kiwango chochote unawezekana. Jiwe likipoa, risasi na shaba hujipanga kwa utaratibu na kutengeneza madini tofauti yenye uwiano maalumu. Ukitoka bismutinaiti kwenda aikinaiti unapita pekoaiti, gladaiti, salzburgaiti, paaraiti, krupkaiti, lindstromaiti, emilaiti, hamaraiti na friedrikaiti. Kwa macho yote ni sindano za kijivu za risasi. Zaidi ya hapo, sindano moja inaweza kubeba mawili au matatu kati yake katika tabaka nyembamba kuliko unywele, kwa sababu mchanganyiko wa awali ulijigawa wakati wa kupoa. Hata mtaalamu mwenye hadubini nzuri hawezi kuyatenganisha bila kupima kemia.

Kwenye namba, tofauti inaonekana wazi. Risasi haimo kabisa kwenye bismutinaiti safi, ni karibu asilimia 13 kwenye gladaiti, 19 kwenye krupkaiti, na 36 kwenye aikinaiti. Bismuti inaenda kinyume: 81, 65, 57 na 36. Ziandike mahali, maana ndizo utakazolinganisha na majibu ya maabara.

Turudi kwenye jiwe lako, na hasa zile rangi za pembeni, kwa sababu umeziona vizuri na zina maana. Salfaidi ikikutana na hewa na maji yenye kabonidioksidi, inaoza polepole, na kila metali ndani yake inaacha alama yake. Bismuti hugeuka kuwa bismutaiti, ambayo ni kabonati ya njano, ya majivu au ya kijani kibichi hafifu, mara nyingi kama unga au ganda lisilo na mng'ao. Usiichanganye na bismutinaiti, majina yamekaribiana mno. Risasi hutoa serusaiti, nyeupe au isiyo na rangi, yenye mng'ao unaokaribia wa almasi. Shaba hutoa malakaiti ya kijani kilichokolea. Wekundu wa shaba juu ya sindano ni utando mwembamba tu wa mwanzo wa kuoza huko, na chini yake metali bado ni ya kijivu. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, simama kwenye mwanga wa mchana, utafute sindano ambayo nusu yake imefungwa ndani ya kwatzi na nusu iko wazi. Ukiona rangi tatu zimejipanga kuanzia kwenye sindano kwenda nje, njano, nyeupe na kijani, una dalili nzuri kwamba metali zote tatu zimetoka kwenye sindano yenyewe. Kama kijani kipo tu kando ya madini ya manjano ya dhahabu yaliyo jirani, huenda shaba imetoka kwenye kalkopairaiti, yaani salfaidi ya shaba na chuma, na haihusiani na sindano kabisa.

Unga wa njano peke yake hauthibitishi aikinaiti, kwani bismutinaiti nayo huuacha. Wala hauondoi antimoni kwenye orodha, maana salfaidi ya antimoni nayo ikioza huweza kuacha unga wa njano.

Kwa vipimo vya nyumbani, vipo vichache vya kweli. Tumia kipande kilichokwisha kuvunjika chenyewe, usivunje jiwe kwa ajili ya kupima.

Anza na ugumu. Shika sindano ya kushonea ya chuma na ukwaruze taratibu mahali ambapo fuwele imejitokeza. Salfaidi za ukoo huu hukwaruzika mara moja na kuacha unga wa kijivu unaong'aa. Ikiwa ncha ya chuma inateleza bila kuacha alama, hayo si madini ya bismuti hata kidogo, bali rutaili au turmalini, ambazo nazo hupenda kukaa kama sindano ndani ya kwatzi. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ndicho ningependa kila mtu akifanye kabla ya kutaja jina lolote.

Kisha angalia mahali sindano ilipokatika. Stibinaiti, yaani salfaidi ya antimoni, na bismutinaiti yenyewe hupasuka kirahisi sana kwa urefu na kuonyesha uso unaong'aa kama kioo. Aikinaiti ina mpasuko dhaifu, na mara nyingi hukatika bila mpangilio. Galena, yaani salfaidi ya risasi, haikuwi sindano kwa kawaida, na ukiivunja inatoa vijimchemraba vyenye ngazi za pembe mraba. Molibdenaiti ni magamba yanayopinda, wala si sindano.

Cha tatu ni uzito, na hapa ndipo antimoni inapokwama. Densiti ya stibinaiti ni 4.6, bismutinaiti ni 6.8, aikinaiti ni 7.1. Unahitaji mizani ya kupima hadi gramu 0.01, glasi ya maji, uzi mwembamba na kipande cha sindano kisicho na kwatzi. Pima kipande kikiwa kikavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Tia tone dogo la sabuni ya maji ili viputo visishike. Ning'iniza kipande kwa uzi hadi kizame chote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, kisha usome. Namba hiyo ya gramu ni sawa na ujazo wa kipande kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo na umepata densiti.

Zingatia mipaka ya mizani yako. Kipande cha gramu 0.50 cha aikinaiti kitakuonyesha 0.07, cha bismutinaiti nacho 0.07, na cha stibinaiti 0.11. Kwa hiyo umetenganisha antimoni na bismuti, lakini hukupata chochote kuhusu aikinaiti dhidi ya ndugu zake. Ukiwa na kipande safi cha gramu 5, ambacho ni nadra kukipata, unaweza kuanza kuhisi tofauti ya 6.8 na 7.1. Kosa linalojirudia ni kupima sindano ikiwa bado ina kwatzi. Nusu kwa nusu kwa ujazo, densiti ya aikinaiti inashuka hadi 4.9, na mtu anaondoka akiamini ameona stibinaiti. Kosa la pili ni viputo vya hewa kati ya sindano zilizofungana, navyo pia hushusha namba.

Utakutana pia na ushauri wa kudondosha myeyusho mkali wa potasiamu haidroksaidi. Ni kweli kwamba juu ya stibinaiti tone hilo huacha doa la njano hadi rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, na juu ya bismutinaiti haliachi. Lakini madini mengine ya antimoni yenye risasi, kama jamesonaiti na boulangeraiti, ambayo nayo hukua kama nyuzi za kijivu, hayaitikii vizuri hivyo, kwa hiyo kukosekana kwa doa hakuthibitishi bismuti. Na myeyusho wenyewe hupofusha macho. Mizani inakupa jibu lile lile bila hatari. Vipimo vya zamani vya kuchoma unga juu ya mkaa au kuuyeyusha katika asidi ya nitriki ni vizuri mikononi mwa mkemia mwenye chumba chenye feni ya kuvuta moshi. Nyumbani vitakupa moshi wa risasi na gesi ya rangi ya hudhurungi inayounguza mapafu.

Sasa kifaa cha mkononi cha XRF, kile kinachotambua elementi kwa eksirei. Nakiheshimu, ila kina mambo mawili unayopaswa kuyajua. Dirisha lake lina upana wa milimita kadhaa, kwa hiyo kimepima sindano, kwatzi, unga wa malakaiti na chochote kilichokuwa jirani, kikakupa wastani. Pia mistari ya eksirei ya elementi hizi imebanana. Mstari mkuu wa risasi uko kwenye kiloelektronivolti 10.55, wa aseniki uko 10.54, na wa bismuti 10.84. Kwenye kifusi cha mgodi wa dhahabu aseniki ni jambo la kawaida, na programu inaweza kuigawia risasi isiyokuwepo, au kinyume chake. Mwulize aliyepima kama aliangalia pia mstari wa pili wa risasi kwenye 12.6 na wa bismuti kwenye 13.0. Kama ilikuwepo yote miwili, na namba zake zinaeleweka, basi risasi na bismuti zipo kweli. Hapo ndipo uwezo wa kifaa hicho unapoishia.

Kinachotoa jina ni kipimo kwenye fuwele yenyewe. Chukua kipande cha milimita 2 au 3 cha sindano, ikiwezekana kikiwa bado kimeshika kwatzi kidogo, kifungwe ndani ya resini, kisuguliwe hadi king'ae, kisha kipimwe kwa maikroprobu ya elektroni, mashine inayopima kemia ya nukta ndogo mno. Idara za jiolojia za vyuo vikuu vingi ama zinayo au zinajua nani anayo. Kama kilichopo ni hadubini ya elektroni yenye kitambuzi cha kawaida cha eksirei, bado inafaa, ila toa onyo hili: kwenye nishati ndogo, salfa iko 2.31, risasi 2.34 na bismuti 2.42, na kitambuzi hicho kinaziona kama kilima kimoja. Programu ikiachwa ichague yenyewe inaweza hata kukuandikia molibdeni, ambayo iko 2.29. Waombe watumie kilovolti 20 au zaidi na wasome mistari ya juu ya 10.55 na 10.84. Waombe pia picha ya elektroni zinazorudi nyuma kabla ya kupima, ili tabaka zionekane: sehemu zenye risasi nyingi na zenye bismuti nyingi hutofautiana kwa weupe hafifu sana, kwa hiyo waongeze utofautishaji wa picha. Wapime nukta kadhaa, sio moja.

Ukipata majibu, fanya ukaguzi mmoja mwenyewe. Kwenye ukoo huu shaba na risasi huingia pamoja, atomi kwa atomi, kwa hiyo uzito wa risasi unapaswa kuwa karibu mara 3.3 ya uzito wa shaba. Risasi 36 kwa shaba 11, sawa. Risasi 19 kwa shaba 5.8, sawa, hiyo ni krupkaiti. Lakini ukiona risasi karibu 42, bismuti 42 na shaba kidogo mno, hayo ni madini mengine kabisa yanayoitwa kosalaiti, Pb₂Bi₂S₅, yaliyopewa jina la Cosalá nchini Meksiko. Nayo ni sindano za kijivu za risasi, na kwa macho yameshapoteza watu wengi. Mtawanyiko wa eksirei kwenye unga nao husaidia kuthibitisha muundo, ingawa ndugu wa karibu kwenye ukoo hutoa mistari inayokaribiana sana, na sindano yenye tabaka mchanganyiko humkanganya hata mzoefu. Kemia kwanza, muundo baadaye.

Uadimu wake ni wa namna gani? Aikinaiti imeripotiwa sehemu nyingi duniani, ila karibu kila mahali kama chembe za kuonekana kwa hadubini. Sindano za sentimita kadhaa ndizo adimu. Gladhammar, kusini mashariki mwa Uswidi, ndiko zilikoelezwa gladaiti, hamaraiti na lindstromaiti mwaka 1924. Krupkaiti ilitoka Krupka, Ucheki, na pekoaiti Tennant Creek huko Australia, kwenye machimbo ya dhahabu, shaba na bismuti. Kwenye machimbo ya tangsteni ya Felbertal, jimbo la Salzburg nchini Austria, zilipatikana salzburgaiti, paaraiti na emilaiti, zote zikielezwa miaka ya 2000. Bismutinaiti yenyewe ni ya kawaida zaidi, na Bolivia ina mishipa maarufu ya bati na bismuti, ikiwemo ya Tasna. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanajua bismuti zaidi kwenye pegmataiti (miamba yenye fuwele kubwa) za Uganda, lakini huko habari kubwa ni za oksaidi: bismutotantalaiti ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1929 kutoka kilima cha Gamba. Pegmataiti yenye oksaidi na mshipa wa kwatzi wenye salfaidi ni mazingira mawili tofauti, kwa hiyo usichukue jina la upande mmoja ukalipeleka upande wa pili.

Sehemu hizo zote za salfaidi zina jambo moja: maji moto yaliyopita kwenye nyufa za mwamba, mara nyingi yakitoka kwenye graniti iliyokuwa ikipoa. Bismuti haipendi kuingia kwenye madini ya kawaida ya graniti, kwa hiyo inabaki hadi mwisho na kuondoka na maji hayo. Maji yakipoa na kukutana na salfa ya kutosha, bismutinaiti hujitenga. Maji hayo yakibeba pia shaba na risasi, au mkondo mwingine ukija baadaye na metali hizo, sindano zinazokua au zilizokwisha kukua hubadilishwa kuelekea aikinaiti. Ndiyo maana majirani wake wa kawaida ni galena, kalkopairaiti, pairaiti (salfaidi ya chuma) na dhahabu.

Uhusiano na dhahabu ni wa kweli, na una maelezo mazuri. Bismuti ya metali huyeyuka kwenye nyuzi 271 tu, na ikichanganyika na dhahabu huyeyuka hata kwenye 241. Maji moto ya ardhini mara nyingi yana joto kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo, mahali ambapo salfa ni chache, vitone vya bismuti ya kimiminika vinaweza kutembea kwenye nyufa vikifyonza dhahabu kutoka kwenye maji ambayo vinginevyo yasingeiacha hapo. Watafutaji wa madini hupima bismuti kwenye udongo na miamba kama kielekezi kwa sababu ya ujirani huu. Lakini jiwe lako limetoka kwenye kifusi cha mgodi wa dhahabu, kwa hiyo dhahabu ilikwisha kujulikana pale. Sindano hazikuambii ni kiasi gani imebaki, na ngumi moja ya mwamba haiwezi kukuambia hata ukiisaga yote na kuipima. Ukiona chembe ya manjano, igonge kwa ncha ya sindano chini ya lenzi: dhahabu hubonyea, pairaiti huvunjika, kalkopairaiti hutoa unga mweusi unaoelekea kijani. Ukiwa na nia ya kweli na eneo hilo, tafuta kwanza mwenye haki ya ardhi na leseni, kisha mwanajiolojia akalitazame eneo lenyewe badala ya jiwe moja.

Kuhusu mionzi, lala usingizi. Ni kweli kwamba mwaka 2003 wanafizikia nchini Ufaransa walipima kwamba bismuti ya kawaida si imara kabisa, lakini nusu ya atomi zake huchukua karibu miaka 20 ikifuatiwa na sifuri 18 kuoza. Hiyo ni zaidi ya mara bilioni moja ya umri wa ulimwengu. Kwa mwili wako ni sifuri.

Sumu ndiyo ya kuzingatia, na si ya bismuti, ambayo chumvi zake hutumika hata kwenye dawa za tumbo. Ni ya risasi. Ndani ya salfaidi risasi imeshikwa vizuri, na kushika jiwe hakukudhuru. Ila ule unga uliooza, ikiwa una serusaiti, huyeyuka kirahisi kwenye asidi ya tumbo. Kwa hiyo unga laini wa pembeni ni wa kuogopwa kuliko sindano inayong'aa. Nawa mikono kila ukimaliza, usiliweke jiwe mezani pa chakula, lisifikiwe na mtoto, na kamwe usilikate wala kulisaga likiwa kavu. Ikiwa tayari mmelisaga ndani ya nyumba, au mtoto amelitia mdomoni, nendeni hospitali mkaombe kipimo cha risasi kwenye damu, hata kama hakuna anayejisikia vibaya, maana kwa watoto risasi huharibu kabla dalili hazijaonekana. Vumbi lililobaki lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.

Kulisafisha, tumia maji yaliyochujwa na brashi laini ya nywele upande wa kwatzi tu, na uache maeneo ya sindano na ukoga wake. Mashine za mtikisiko wa sauti zitazing'oa sindano, maana zimekatika tayari na zimeshikiliwa na kwatzi tu. Likaushe kwenye kivuli na kulihifadhi kwenye kisanduku chenye kifuniko, pakavu, bila mafuta wala vanishi. Mtu akikuambia ulivunje kutafuta sindano ndefu zaidi, kataa: mshtuko wa nyundo hupita kwenye kwatzi na kuishia kwenye sehemu laini, yaani kwenye sindano zenyewe.

Hadi maabara ijibu, kwenye kikaratasi cha jiwe andika "mfululizo wa bismutinaiti na aikinaiti, haijathibitishwa, katika kwatzi", jina la mgodi, upande wa kifusi lilikookotwa na tarehe. Majibu yakija, ongeza namba zenyewe za risasi, shaba, bismuti na salfa pamoja na aina ya kifaa kilichotumika, kisha ndipo uandike jina.